Nyapara wa Rangi ya Kahawia

Waliponifanyia karamu ya kuniaga pale Kamakis, mbuzi alikuwa mgumu na hotuba zilikuwa ngumu kumzidi. Meneja akasema mimi ni nguzo ya maabara. Nguzo ni kitu ambacho watu huegemea na mbwa hukojolea, kwa hivyo nikapiga makofi, maana hakukosea sana. Kisha nyinyi vijana wa maabara mkanizunguka na mifupa yenu mkononi, mkaniambia, "Madam Nyambura, tuandikie kitu. Sio ya mshahara na vyeo. Tuandikie kazi." Ya mshahara ningeyamaliza kwa mstari mmoja na tusi moja, kwa hivyo hamjapoteza chochote. Haya, shikeni kazi.

Kwa msomaji aliyeingia hapa kwa bahati mbaya: kazi yangu ilikuwa kukata nyama za watu. Daktari wa upasuaji akitoa uvimbe, kipande cha huo uvimbe, ambacho sisi tunakiita tishu, huletwa maabara yetu mjini Thika. Tunakilowesha kwenye fomalini kisioze, tunakikausha, tunakizamisha kwenye nta iliyoyeyuka. Nta ikiganda tunakikata kwa mashine kuwa vipande vyembamba hata ukikohoa vinapaa. Tunavibandika kwenye kioo, tunavitia rangi, halafu daktari wa patholojia anaviangalia kwa hadubini na kusema ni saratani au si saratani. Jina linaloandikwa chini ya ripoti ni lake. Harufu ya fomalini iliyobaki kwenye nywele ni yangu, na mume wangu pale Ruiru amekuwa akiilalamikia tangu tuoane, kana kwamba alilazimishwa.

Siku ya kwanza nilikuja na sketi iliyopigwa pasi na cheti ndani ya bahasha. Mkuu wa maabara alikuwa Mzee Odhiambo, Mjaluo mrefu aliyeishi Thika miaka mingi mpaka akawa anatukana kwa Kikuyu kuliko Wakikuyu. Hakukiangalia cheti. Aliangalia mikono yangu, akauliza kama huwa natetemeka nikiwa na njaa. Nikasema hapana. Akasema, "Utatetemeka," akanikalisha mbele ya mashine na kunipa kipande cha nta kitupu, hakuna tishu ndani. "Kata."

Nilikata nta tupu wiki baada ya wiki. Nilikata mpaka nikaanza kuota nta. Nilipomuuliza ni lini nitapewa kitu cha maana, alisimamisha chai yake katikati ya safari ya kwenda mdomoni. "Sikia, Nyambura. Mgonjwa hutolewa kipande chake mara moja. Ukikiharibu, hakuna duka utakwenda kununua kingine. Kata nta, wacha mdomo."

Alinifundisha mambo ambayo hayako kwenye kitabu chochote nilichosomeshwa. Kwamba nta lazima ipozwe kwa barafu kwanza, kisha uipulizie pumzi kidogo tu, kama unapuliza chai mbele ya mama mkwe. Kwamba vipande vikitoka vimeshikana kama utepe, unavilaza juu ya maji ya vuguvugu taratibu, na ukiona mkunjo usiukimbize, utajinyoosha wenyewe. Kwamba kisu kikilia, wewe ndiye mwenye makosa. Dini yake ilikuwa moja tu, fomalini. "Fomalini kwanza, salamu baadaye," ndivyo alivyokuwa akisema, na hakuwa na mzaha. Tishu ikitoka mwilini inaanza kuoza hapo hapo, haingoji mtu amalize chai. Akipokea chupa alikuwa akiitikisa, anainusa, anaangalia kama maji yamefunika nyama vizuri, ndipo sasa anauliza habari ya nyumbani.

Na chupa zenyewe, wacha wee! Tuliletewa kizazi cha mama mmoja ndani ya kopo la aiskrimu. Tuliletewa kidole kwenye glavu iliyofungwa fundo. Sababu ni kwamba hospitali ndogo ndogo hazina mtu wa kutuletea, kwa hivyo jamaa wa mgonjwa hukabidhiwa chupa na kuambiwa, "Peleka maabara." Mtu ambaye jana alikuwa anapalilia mahindi, leo amebeba ini la mjomba wake katikati ya mji, na hakuna aliyemweleza hata neno moja. Hilo likumbukeni, maana ndilo lililoleta balaa nitakayowasimulia.

Mzee Odhiambo alipostaafu alirudi kwao kufuga kuku. Baadaye akaja Daktari Wairimu, daktari wetu wa patholojia, mwanamke mfupi, mwenye macho makali na njugu karanga kwenye mfuko wa koti. Yeye ndiye aliyetuletea kile kipimo cha nyapara.

Ngoja niwaeleze huyu nyapara, hata kama mnajifanya mnamjua. Ndani ya kiini cha seli nyingi za titi, kule kule ziliko jeni, kunakaa protini moja. Madaktari huiita kipokezi cha estrojeni. Mimi humwita nyapara kwa sababu nimekulia kando ya mashamba ya mananasi na najua nyapara akiwa kazini anakuwaje. Jeni ni vibarua. Wako wengi, kila mmoja ana kazi yake, na asipoamshwa amelala kivulini. Nyapara mwenyewe halimi hata mstari mmoja, anangoja agizo. Homoni ya estrojeni ikifika inamshika, naye anaishika DNA pale panapotakiwa, na makelele yanaanza: wewe amka, wewe kaa kimya, wewe tengeneza kile, seli ikue, seli ijigawe. Kwa mwili wenye afya mambo haya yana kiasi. Msichana anavunja ungo, kifua kinajaa, mwezi unakuja na kwenda, na vibarua wanapumzika. Kwenye saratani nyingi za matiti, seli zimejaza manyapara, na agizo likifika zinajigawa, zinajigawa tena, na hazijui kuacha.

Bahati nzuri ni kwamba nyapara ana sikio moja tu la kupokea agizo. Kuna vidonge ambavyo vinaingia kwenye hilo sikio na kukaa. Homoni ikija inakuta mahali pamekaliwa. Nyapara yuko, vibarua wako, lakini hakuna anayeamka. Mama anameza kidonge kila siku kwa miaka, na wengi wanakaa salama ambapo zamani ugonjwa ungerudi. Ila ni lazima nyapara awepo. Kama uvimbe hauna nyapara, ukimpa mgonjwa hicho kidonge ni sawa na kuzungumza na ukuta. Ndiyo maana mtu lazima apime kwanza, na mtu huyo nilikuwa mimi.

Kipimo chenyewe kinaanza kama upishi, na nilipokiona mara ya kwanza nilicheka mpaka nikakaa chini. Daktari Wairimu aliingia na sufuria ya presha, ile ile ya kuchemshia githeri ya mahindi na maharagwe, akaniambia nichemshe vioo vya wagonjwa humo ndani. Joto linafungua tishu ili kingamwili tuliyonunua ipate kuingia. Hiyo kingamwili inamtafuta nyapara peke yake, inamshika, na tukitia dawa ya mwisho, kila kiini chenye nyapara kinageuka rangi ya kahawia. Kisicho naye kinabaki buluu. Ilibidi niandike juu ya hiyo sufuria kwa rangi nyekundu, SI YA MAHARAGWE, kwa sababu kuna mtu alishaleta maharagwe. Simtaji, yeye na tumbo lake wanajijua.

Sasa nije kwa Mama Mwende. Alikuwa mkulima wa Ngoliba, kule chini kwenye jua kali, mama wa watoto wakubwa, mwembamba, mwenye sauti ya kuita mtu ng'ambo ya mto. Alitolewa uvimbe wa titi Ijumaa moja kwenye hospitali ndogo. Jumatatu asubuhi mumewe, Baba Mwende, akanijia dirishani na chupa. Alikuwa amevaa suti nyeusi kana kwamba ameleta posa. Mtu mpole, anaongea kwa sauti ya chini, kila sentensi anaianza na "Samahani, madam."

Nikaitikisa chupa. Nikainusa. Fomalini, ya kutosha, imefunika nyama vizuri. "Mbona hukuleta Ijumaa?" nikamuuliza.

"Samahani, madam, mlikuwa mmefunga."

Ni kweli tulikuwa tumefunga, na tishu kukaa kwenye fomalini wikendi si neno. Nikapokea. Tulipoikata, rangi ya kawaida ilionyesha saratani, hilo halikuwa na ubishi. Tishu yenyewe ilikuwa imelegea legea, lakini tukawalaumu watu wa theatre, kule kwenye chumba cha upasuaji. Watu wa theatre nao huwa wanatulaumu sisi. Ni mila, na inatunza amani.

Nikatia kipimo cha nyapara. Kila mara unapopima mgonjwa unaweka pembeni kioo kingine cha tishu ambayo tayari unajua ina nyapara, ili uone kama dawa zinafanya kazi. Kioo hicho cha pembeni kilitoka kahawia safi, kama strungi, chai isiyotiwa maziwa. Kioo cha Mama Mwende kilitoka buluu tupu. Nikasikitika, nikakiweka kwenye meza ya Daktari Wairimu, nikaenda kunywa chai. Daktari wa upasuaji alikuwa ameshapiga simu asubuhi, anataka jibu aanze dripu ya dawa kali za saratani, na alikuwa ametuita konokono.

Sijamaliza kikombe nikasikia naitwa. "Nyambura! Kuja hapa."

Nikaenda. Alikuwa ameacha njugu zake, jambo ambalo si la kawaida.

"Hapa ukingoni mwa tishu ya Mama Mwende unaona nini?" akauliza.

Hadubini yetu ilikuwa na sehemu mbili za kuchungulia, nikainama upande wangu. "Tezi nzuri. Mirija yake ya kawaida ya maziwa, haina ugonjwa."

"Rangi gani?"

"Buluu."

"Yote?"

"Yote."

"Sasa niambie, umewahi kuona mwanamke ambaye mirija yake mizuri haina hata nyapara mmoja? Hata mmoja, Nyambura?"

Hapo nikawaka. Nasema ukweli, niliwaka. "Daktari, rangi yangu haina shida. Kioo cha pembeni kimeshika."

"Sijasema rangi yako ina shida."

"Umesema kwa sauti ya kusema rangi yangu ina shida."

"Mimi sauti yangu ni hii moja tu, Mungu hakunipa nyingine." Akavua miwani. "Rudia."

Nikarudia, nikichemsha hiyo sufuria kana kwamba imenikosea. Kioo cha pembeni kahawia, cha Mama Mwende buluu, pamoja na mirija yake mizuri ambayo kwa haki ilitakiwa iwe na kahawia hapa na pale. Rangi ilikuwa nzuri na macho ya daktari yalikuwa mazuri. Kilichobaki ni tishu yenyewe. Ilikuwa imeharibika kabla haijafika kwetu, nyapara akaharibika nayo, na sisi tulikuwa tunatafuta mtu kwenye nyumba iliyokwisha kuungua. Buluu ile haikutuambia kwamba hayupo. Haikutuambia kitu.

Muelewe kilichokuwa mezani. Tungeandika kwamba nyapara hayupo, Mama Mwende angepewa dripu yake na kurudi Ngoliba, na vile vidonge vya kumlinda hakuna ambaye angemwandikia maisha yake yote. Ugonjwa ungerudi siku moja na kila mtu angesema ni mapenzi ya Mungu. Mungu husingiziwa mambo mengi sana ya maabara.

Nikampigia Baba Mwende simu. Akaja na suti ile ile. Nikamketisha kwenye benchi la nje nikamuuliza polepole, kama mtu anayeuliza mtoto nani amemwaga maziwa. "Baba, ile chupa kutoka Ijumaa hadi Jumatatu ilikuwa wapi?"

"Samahani, madam. Ilikuwa nyumbani."

"Nyumbani Ngoliba?"

"Hapana. Kwa dada yangu, hapa Thika, mtaa wa Kamenu."

"Kwa dada yako mahali gani? Kabatini? Juani? Kwenye friji?"

Akaangalia viatu vyake. "Nyumbani kidogo. Halafu kanisani."

Nikashusha pumzi. "Ilienda kanisani kufanya nini?"

Ikatoka yote. Dada yake ni mtu wa maombi. Alisema huo uvimbe si wa kawaida, ni kitu kilichotumwa, na kabla wazungu wa maabara hawajaugusa ni lazima uombewe. Wazungu wa maabara ni mimi, binti wa Karanja. Basi wakaupeleka. Pasta alipofungua chupa akasema hawezi kuwekea mikono kitu chenye harufu ya mochari. Kwa hivyo wakamwaga yale maji ya harufu, wakatia maji yaliyobarikiwa, na uvimbe ukakaa madhabahuni kwenye joto la Thika wikendi nzima, watu wakiukemea kwa zamu.

"Ngai mwathani!" nikasema. "Lakini mimi nilinusa fomalini, kwa pua yangu!"

"Ndiyo, madam. Sikuimwaga chini. Niliona ni mali ya hospitali. Niliiweka kwenye chupa ya soda, na Jumatatu nikairudisha vile ilivyokuwa."

Chupa ya soda! Nikasimama. Nikakaa. "Baba Mwende, hiyo ni sumu! Na kama mtoto angekunywa?"

"Niliandika MUNGU ANAONA."

Nifanye nini na mtu kama huyo? Angekuwa mzembe ningemtukana roho yangu ikatulia. Lakini alikuwa amefanya kila kitu kwa uangalifu na kwa mapenzi, kila kitu, na kila kitu kilikuwa makosa. Nilimkasirikia dadake, nikamkasirikia pasta, nikaikasirikia ile hospitali iliyompa chupa bila maelezo, na yeye nikamwonea huruma mpaka nikakasirika upya. Tangu siku hiyo swali la kwanza dirishani likawa, "Imepitia wapi?" Wengi mlidhani ni utani wangu. Msiliache.

Akanishika mkono wa koti. "Madam, samahani, mke wangu hajui. Alikuwa bado amelazwa. Naomba usimwambie."

"Mimi sitamwambia," nikasema. "Utamwambia wewe, na utamwambia hapa, maana tunataka kumdunga tena na atauliza kwa nini."

Daktari Wairimu alikuwa ameshasoma faili, akaona kuna tezi iliyovimba kwapani mwa huyo mama, ambako saratani ya titi huenea kwanza, na sindano ingeweza kutoa kipande kipya humo. Mama Mwende akaja siku ya pili yake, bado anatembea ameinamia upande mmoja kwa ajili ya mshono. Tukakaa wanne kwenye chumba cha daktari. Baba Mwende akaanza, "Samahani," akaishia hapo. Akaanza tena. Alipofika kwenye madhabahu, mkewe aliinua mkono kumsimamisha.

"Ngoja. Ulipeleka titi langu kanisani, na mimi nikaachwa wodini?"

"Tulikuwa tunakuombea."

"Hamkuniombea mimi. Mliombea nyama! Mimi nilikuwa nalia maji ya kunywa, hakuna mtu wa kunipa!"

Daktari Wairimu akageukia dirisha, mabega yakimtikisika, na mimi nikauma ulimi. Lakini Mama Mwende hakuwa anacheka. Aliufunga mtandio wake vizuri, akasema haya sasa yameisha, hadungwi tena. Amekatwa, ameshonwa, sasa wanataka kwapa. Kesho watataka shingo. Waandike tu wanavyotaka kuandika, awekewe hiyo dripu aende nyumbani, ana pilipili zinaharibika shambani.

Daktari alimweleza kidaktari, kwa ustaarabu wote, na niliona haingii. Nikaomba ruhusa nikamweleza kinyapara. Nikamwambia vibarua, agizo, sikio, na kidonge kinachokaa kwenye sikio. Alinisikiliza akiwa ameangalia ukuta.

"Kwa hivyo anaweza kuwa yuko, huyo nyapara."

"Anaweza."

"Na akiwa yuko, kuna dawa ya kumziba."

"Iko, na si ya kudungwa. Ya kumeza."

"Na mkinidunga mkute hayuko kweli?"

"Basi nitakuwa nimekuumiza bure, na utanitukana."

"Nitakutukana Kikamba."

"Nitatafuta mtu wa kunitafsiria."

Akaniangalia mara ya kwanza tangu aingie. Niliogopa, siwafichi. Angesimama akaondoka, hakuna sheria ambayo ingemrudisha, na mimi ningebaki na vioo vya buluu visivyosema kitu. Hakusimama. Akasema, "Haya. Lakini chupa naibeba mimi."

Ndivyo ilivyokuwa. Alipodungwa, kipande kikatumbukizwa kwenye fomalini mbele ya macho yake, akaifunga chupa mwenyewe, akashuka nayo ngazi kuja dirishani kwangu, ameishika kwa mikono miwili na mshono unamuuma. Mumewe akanyoosha mkono amsaidie. "Wewe bado uko kwenye adhabu," akamwambia. Nikaipokea, nikaitikisa, nikainusa. Kisha, kwa sababu kazi ni kazi, nikamuuliza imepitia wapi. Akasema imepitia kwenye ngazi, na kama nina swali lingine.

Sijawahi kukata tishu kwa uoga kama ile. Vipande vya sindano ni vyembamba kama kijiti cha kiberiti, ukikata ovyo vimekwisha, na nilijua huyu mama hatatoa kingine. Nilipoza nta, nikapuliza, nikakata, nikalaza kwenye maji, nikaacha mkunjo ujinyooshe. Nikachemsha sufuria. Nilipotia dawa ya mwisho nilisimama hapo hapo nikikitazama kioo kwa macho matupu, jambo la kijinga, maana kwa macho matupu huoni seli. Lakini rangi unaiona. Kwanza hakuna kitu. Halafu kipande kikaanza kuwa kama kimemwagikiwa na chai, kikakolea, kikakolea tena.

Sikungoja utaratibu. Nilikimbia nacho kwa Daktari Wairimu, na miaka ile magoti yangu tayari yalikuwa hayataki kukimbia. Akaweka, akaangalia, akatafuna njugu moja, polepole, ili kunitesa. "Wamejaa," akasema. "Wamejaa tele, Nyambura."

Alipokuja kuchukua majibu, Mama Mwende alisema haendi popote kabla hajamwona huyo nyapara kwa macho yake. Sheria za maabara haziruhusu wagonjwa ndani. Daktari Wairimu akamvutia kiti chake mwenyewe. Nikamrekebishia lenzi, nikamwonyesha viini vya kahawia vilivyosongamana, nikamwambia kila kimoja chenye rangi ile kina nyapara ndani, na wote ni wake, na kuanzia sasa kila siku kuna kidonge cha kuwaziba masikio. Alikaa ameinama pale muda mrefu. Alipoinuka macho yalikuwa yamelowa, lakini akayapangusa kwa ncha ya mtandio na kumwita mumewe aliyekuwa amesimama mlangoni na suti yake.

"Baba Mwende, kuja uone."

Akaja kwa kunyata, akainama kwenye hadubini, akakunja mikono. Nikamwona amefumba macho kabisa na midomo imeanza kutembea. Mkewe naye aliona. Akamwekea mkono begani, bila hasira sasa.

"Fungua macho," akamwambia. "Hiyo ya kufumba tulishajaribu."